Waliozama hawatoi ushuhuda

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 3, nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, nataka kumtumia baba mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu. Menyu ya kutuma pesa nimeshaifungua, natafuta namba yake tu. Meseji ikaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii, laini yangu ile ina shida. Jina litakuja..." na jina la mwanamke nisiyemjua.

Meseji hii unaijua. Imetaniwa mpaka imechuja. Mimi mwenyewe nimewahi kuwajibu hao jamaa kwa kejeli. Lakini asubuhi ile sikucheka. Nilijiuliza amejuaje kwamba sasa hivi hivi natuma hela, na kwa kuwa sikuwa na jibu, akili ikanipikia la kwake: huyu ni mzee mwenyewe. Jina si lake? Sawa, lakini kwani mkewe anaitwa nani vile? Angalia nilivyofanya hapo. Tapeli kaandika mistari miwili, na mashimo yote yaliyobaki nikayaziba mimi, bure, bila kulipwa hata senti.

Ukweli ni kwamba hakujua kitu. Meseji ile inarushwa kwa watu wengi ovyo ovyo, kama mtu anayemwaga mtama uani bila kuangalia kuku wamesimama wapi. Tuseme imewafikia watu 5,000. Wengi wao siku hiyo hawana mpango wa kumtumia mtu hela, basi wanacheka na kufuta. Lakini kati ya watu 5,000 hawakosi kadhaa ambao dakika hiyo hiyo wana deni la ada, kodi au mchango wa harusi, na wameshaahidi kutuma. Kwa hao meseji inaonekana kama imeandikwa kwa ajili yao. Kama ningeweza kusikia vicheko vya wale wengine wote kwa wakati mmoja, nisingesita hata sekunde. Sikuvisikia. Nilikuwa peke yangu chumbani na simu yangu.

Tukizungumzia kudanganywa, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye uongo: mtu kasema jambo ambalo si kweli. Uongo wa aina hiyo upo, ila ndio mwepesi kuukamata. Unaotuumiza zaidi hutengenezwa kwa mambo ya kweli tupu, baada ya mengine ya kweli kuondolewa machoni petu. Na mara nyingi hakuna hata mtu aliyeyaondoa. Yamejiondoa yenyewe.

Chukua wauza mikeka, yaani wanaouza utabiri wa mechi za kubeti. Kila anayebeti keshakutana na grupu la mtu anayejitapa kuwa na mechi za uhakika, na anayekuambia jaribu kwanza bure, utalipa ukishaamini. Inaonekana ni haki kabisa. Sasa tuseme jamaa ana namba za watu 1,600. Kabla ya mechi ya kwanza anawaambia 800 kwamba yatafungwa magoli 3 au zaidi, na wale 800 wengine kwamba hayatafika 3. Mechi inaisha. Nusu moja amewakosea. Hao anaachana nao. Waliobaki 800 anawagawa tena, 400 kwa 400, kwa mechi ya pili. Halafu 200, halafu 100, halafu 50. Baada ya mechi 5 kuna watu 50 ambao kila mmoja ameona kwa macho yake utabiri 5 ukitiki mfululizo, umetumwa kabla ya mechi kuanza, na skrinshoti anazo. Ukimwambia mmoja wao kwamba jamaa ni tapeli atakuonyesha simu yake, na simu haitakuwa na uongo wowote. Watu 1,550 waliochaniwa mikeka hawamo kwenye simu hiyo.

Sasa ondoa utapeli kabisa, maana hapa ndipo mambo yanaponoga. Weka watabiri 32 waaminifu, kila mmoja na ukurasa wake, kila mmoja akikisia kwa nia njema kama mtu anayerusha sarafu. Kwa hesabu ile ile, mmoja kati ya 32 anatarajiwa kupata mechi 5 mfululizo. Waliokosa watanyamaza, wengine watafuta walichoandika. Yule mmoja atapata wafuasi, na pengine atakubali kwa moyo wake wote kwamba ana kipaji. Hajamdanganya mtu. Kadanganywa pamoja na wafuasi wake, na aliyewadanganya hayupo.

Jambo hili ni la zamani kuliko simu na mpira. Cicero, mwandishi wa Roma, anasimulia habari za Mgiriki mmoja, Diagoras, aliyejulikana kwa kutoiamini miungu ya kwao. Akiwa kwenye kisiwa cha Samothrace, rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizotundikwa hekaluni. Zilikuwa za mabaharia waliokumbwa na dhoruba, wakaweka nadhiri, wakafika pwani salama. Akamwambia: wewe unayesema miungu haitujali, huoni ni wangapi waliokolewa? Diagoras akajibu kwamba hilo linatokana na kitu kimoja tu: waliozama hawana picha mahali popote. Nao kwenye mawimbi waliweka nadhiri kama wenzao.

Soma jibu hilo polepole. Hasemi picha zile ni za uongo, na wala halazimiki kukataa kwamba miungu ipo. Anachosema ni kwamba ukuta ule, hata ujae vipi, hauwezi kujibu swali lililoulizwa, kwa sababu ungejaa vile vile iwe nadhiri inaokoa au haiokoi.

Sisi ukuta wetu tuliuona mwaka 2011. Kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, alisema ameonyeshwa na Mungu dawa ya magonjwa sugu. Alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga na kuwapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Kansa, kisukari, pumu, shinikizo la damu, UKIMWI: kikombe kile kile, mara moja, basi. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita kwenye njia ya vumbi. Watu walilala njiani siku kadhaa, wengine walifia humo humo kabla ya kufika. Wakaja Wakenya, wakaja wageni wa mbali zaidi, wakaja wakubwa wenye uwezo wa kukodi helikopta. Hakikuwa kikombe cha wasiosoma. Viongozi wenye shahada zao walikunywa na picha zao tukaziona magazetini.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Mtu anayetafuta utajiri kwa hila hauzi kikombe kwa shilingi 500. Sina sababu ya kumwita Babu tapeli, na mimi ningependa tuelewe kilichotokea bila kumhitaji tapeli yeyote.

Mgonjwa wa ugonjwa sugu hana hali moja mwaka mzima. Pumu inabana, inaachia. Maumivu yanapanda na kushuka. Ni lini mtu anauza mbuzi, anakopa nauli na kupanda gari la siku tatu kwenda Samunge? Si wiki aliyoamka vizuri. Anakwenda amezidiwa. Na aliyezidiwa, kwa ugonjwa wenye kupanda na kushuka, ana nafasi kubwa ya kupata nafuu siku zinazofuata, hata angeshinda nyumbani akinywa uji. Ongeza tumaini, ongeza kusali na maelfu ya watu, ongeza faraja ya kushughulikiwa. Nafuu anayoisema ni ya kweli kabisa. Kinachogomba ni sababu aliyoibandikia.

Kwenye UKIMWI ilikuwa mbaya zaidi. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi akiziacha leo, hadondoki kesho. Virusi huanza kuongezeka ndani ya wiki chache, lakini mwenyewe anaweza kuendelea kujisikia mzima kwa miezi, wakati mwingine zaidi. Ndani ya miezi hiyo anatoa ushuhuda, kwa sauti yenye afya, bila kudanganya. Anapoanza kukonda tena, hapandi madhabahuni kutoa ushuhuda wa pili. Anarudi hospitali kimya kimya, au harudi. Msiba wake unahudhuriwa na watu wa mtaani kwake. Ushuhuda wake ulisikika nchi nzima.

Je, kama tungetaka kujua kweli, tungefanya nini? Mfano mzuri kuliko yote, kwangu, unatoka tena kwa mabaharia. Mwaka 1747 daktari wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, James Lind, alikuwa na wagonjwa wa kiseyeye: fizi zinaoza, meno yanalegea, miguu haina nguvu. Kila mtu alikuwa na dawa yake na kila dawa ilikuwa na mashahidi wake. Lind akachukua wagonjwa 12 waliofanana hali, akawalaza sehemu moja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili wakapewa kinywaji cha tufaha, wawili matone ya asidi, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili machungwa na malimau, wawili mchanganyiko wa vitunguu saumu, haradali na vikorokoro vingine. Baada ya siku 6 waliokula machungwa walikuwa wameinuka, mmoja amerudi kazini, mwingine amewekwa kuwauguza wenzake.

Watu 12 ni wachache mno, na mtafiti wa leo angekunja uso. Lakini ona alichokifanya: aliwafanya waliozama waonekane. Waliopewa maji ya bahari nao wamelala pale pale, wanahesabiwa. Hakuna aliyeruhusiwa kupotea na matokeo mabaya. Hata hivyo isikupe picha kwamba ukweli ukishapatikana kazi imekwisha. Lind alichapisha habari hizo mwaka 1753, na jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia wake maji ya limau rasmi mwaka 1795.

Kwenye maisha ya kawaida hatuna meli ya wagonjwa 12, lakini hesabu ni ile ile, na unaweza kuifanya kwa bundi. Wazee husema bundi akilia juu ya paa kuna mtu atakufa. Kuna usiku bundi alilia na mtu akafa: huo unasimuliwa miaka 20. Kuna usiku alilia na hakufa mtu, kuna watu waliokufa bila bundi yeyote kulia, na kuna usiku ambao hakulia bundi wala hakufa mtu. Vyumba vinne, na sisi tunaishi kwenye kimoja. Mtu asiyeweza kukueleza kilichomo kwenye vitatu vilivyobaki, hata awe na shahada ngapi, bado hajui chochote kuhusu bundi.

Upatu wa kupanda na kuvuna nao unaishi kwenye chumba hicho. DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, ililiita fungu la mtu "mbegu": unapanda, unasubiri, unavuna zaidi ya ulichopanda. Na watu walivuna! Hilo ndilo tunalolisahau tunapowacheka. Jirani alikuonyesha hela mkononi. Kule Boston mwaka 1920 Charles Ponzi naye alilipa wateja wa mwanzo kama alivyoahidi, nusu ya fedha yao juu ndani ya siku 45, kwa hela za waliokuja nyuma yao. Mavuno ya kwanza ndiyo tangazo lenyewe. Bila hayo mchezo hauendi.

Hesabu yake nimewahi kuifanya nyuma ya bahasha. Tuseme mmoja anaanzisha, na ili avune lazima alete watu 5, na kila mmoja kati ya hao alete 5. Ngazi ya pili ni watu 25, ya tatu 125, inaonekana mchezo. Ukifika ngazi ya 11, jumla ya walioingia ni zaidi ya milioni 61. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania milioni 61.7. Yaani ngazi 11 zinammaliza karibu kila mtu nchini, bibi kizee na mtoto wa jana wodini wakiwemo, na wale wa ngazi ya mwisho, ambao hawajavuna hata senti, ni wanne kati ya kila watano. Siku Serikali inapofunga ofisi, hao wanne hawamlaumu aliyebuni mchezo. Wanailaumu Serikali: tulikuwa karibu kuvuna.

Hapo kuna kitu kingine kimeingia, na hiki hakiletwi na mtu wa nje. Kuna mchezo mdogo aliouchapisha mwanasaikolojia Peter Wason, aliyefanya kazi London, mwaka 1960. Nitakupa namba tatu: 2, 4, 6. Zinafuata kanuni niliyonayo kichwani. Kazi yako ni kuigundua kwa kunitajia namba nyingine tatu tatu, nami nitakujibu ndiyo au hapana. Ukishakuwa na uhakika, iseme.

Watu wengi husema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. 100, 102, 104. Ndiyo. Basi wanatangaza kwa kujiamini: kila namba inazidi iliyopita kwa mbili. Hapana. Kanuni ni kwamba namba zipande tu. 1, 2, 3 ingekubaliwa. 5, 70, 900 ingekubaliwa. Lakini nani anajaribu 5, 70, 900? Ukishakuwa na wazo kichwani, unauliza maswali ambayo jibu lake litakuwa ndiyo, na kila ndiyo unaihesabu kuwa ushahidi. Niliwahi kuwafanyia mchezo huu ndugu zangu baada ya chakula cha Idi. Aliyechelewa kuliko wote alikuwa shemeji, mhasibu, kwa kuwa alizidi kubuni kanuni tata zaidi kila nilipomkatalia.

Sasa angalia unavyotafuta mambo kwenye intaneti. Ukiandika "faida za maji ya ndimu asubuhi", utaletewa faida, kurasa na kurasa. Umeuliza 8, 10, 12. Mashine haijakudanganya, imekupa ulichoomba. Ukimshuku mfanyakazi wa ndani kuwa ni mwizi, kila kijiko kisichoonekana ni ndiyo, na kile kilichopatikana chini ya kochi hakirekebishi kitu. Nimeona ndoa zikivunjwa kwa namna hii, lakini hayo ni makala mengine.

Wapo waliosikia haya yote wakaamua njia ya mkato: kutoamini chochote. Daktari mwongo, chanjo njama, gazeti limenunuliwa. Huyo anajiona mjanja, ila yumo chumbani mule mule, kabadilisha ukuta tu. Anakusanya mara zote ambazo hospitali ilikosea, na hana picha ya mtoto asiyeugua surua kwa sababu alichanjwa. Angeipata wapi? Ugonjwa ambao haukutokea hauna siku ya kukumbukwa.

Nirudi kwenye kodi yangu. Kilichoniokoa asubuhi ile hakikuwa Cicero wala Wason. Ni uvivu. Kunakili namba mpya kuliniudhi, nikaona bora nimpigie mzee kwa ile ile ya siku zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vipi, kodi?"

Nikamwambia kuhusu meseji. Akaguna.

"Ah, hiyo! Na mimi iliniingia jana jioni. Kulikuwa na fundi hapa ananidai hela ya saruji, kaondoka kwenda dukani kuniwekea mifuko, haikupita nusu saa meseji hiyo hapo."

"Sasa mzee, ukafanyaje?"

Kikapita kimya. Nikasikia redio yake kwa nyuma, na kuku.

"Wewe nitumie kodi leo leo," akasema. "Usinicheleweshe."